Mapambo yalilowa, gazeti halikupendwa: mwaka huu nifunge zawadi na nini?

"Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 11. Krismasi iliyopita niliamua kutonunua mapambo wala karatasi za zawadi. Tukafuata video, tukatengeneza nyota na malaika wa unga wa ngano na chumvi, tukawakausha na kuwapaka rangi. Walipendeza sana. Baada ya wiki moja walikuwa wamelowa kama wametoka kuoga, wawili wakadondoka kutoka kwenye uzi na rangi ikachuruzika ukutani. Zawadi nilizifunga kwa magazeti na gundi ya uji wa ngano. Usiku mende wakatafuna kona zote. Mbaya zaidi, mama mkwe alipopewa ya kwake aliigeuzageuza, akauliza kama ni karanga. Mwaka huu watoto wanataka turudie. Nina gunia la chupa za maji, makopo ya maziwa, vipande vya vitenge, na ile mifuko mbadala isiyo na idadi. Tulikosea wapi? Zile karatasi za kung'aa za dukani zina ubaya kweli au ni maneno ya watu? Na nifanyeje nisionekane bahili?"

Marahaba, dada. Nimelisoma swali lako mara mbili, na hapo kwenye karanga nimecheka peke yangu jikoni. Nisamehe. Ukweli ni kwamba umeniuliza mambo matatu yasiyohusiana sana: moja la chumvi, moja la wanga, na moja la heshima. Hilo la tatu ndilo watu wa kazi zangu huliruka, wakati ndilo linaloamua kama mtu atarudia mwaka unaofuata au atakwenda zake dukani.

Nianze na malaika. Mikono yenu haikukosea. Kipimo cha kawaida cha unga huo, vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji, kimetoka kwa watu ambao Desemba yao ni ya baridi, nyumba zinapashwa moto mchana na usiku, na hewa ya ndani inakauka mpaka midomo inapasuka. Wewe uko Tabata. Chumvi ya mezani ina tabia moja: unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, huanza kuvuta maji kutoka hewani, na ukizidi kuikalisha humo huyeyuka ndani ya maji hayo hayo. Ndiyo sababu kichupa cha chumvi huganda na mama zetu wakatutia mazoea ya kuchanganya punje za mchele. Desemba ya Dar, na mvua za vuli bado zinanyesha, unyevu huvuka kiwango hicho usiku mwingi tu. Mchana pambo linakauka kidogo, usiku linakunywa tena. Wiki nzima malaika wako walikuwa wanakunywa.

Utaambiwa uwapake vanishi. Inasaidia kuchelewesha, haizuii. Angalia pambo lilipokatikia: ni pale kwenye tundu la uzi, sivyo? Pale vanishi haiingii vizuri, na maji yanaingia kwa raha. Utaambiwa pia upunguze chumvi. Hapo utakuwa umemkimbia simba ukamkuta chui, kwa sababu chumvi hiyo ndiyo inayozuia ukungu. Ukiiondoa utapata malaika wenye ndevu za kijani. Mimi kwa watu wa Pwani niliacha kabisa kufundisha unga wa chumvi. Kama bado una masalia kabatini yatupe, na usimpe mbwa wala kuyamwaga kwenye banda la kuku, maana chumvi nyingi namna hiyo inaua.

Badala yake tumia kitu ambacho unyevu haukishughulishi. Tena unacho: kifuu. Kila nazi unayokuna inakuachia vipande viwili vya mbao ngumu ambayo watu wa Pwani wamechongea upawa na vifungo tangu zamani. Vunja kifuu vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, sugua kwa msasa mkavu kwanza wa kukwaruza kisha wa laini, toboa tundu kwa msumari uliopashwa moto (hii kazi yako, si ya mtoto), halafu futa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya nazi. Kitang'aa rangi ya kahawia iliyokolea bila rangi wala vanishi. Mwaka kesho kutwa bado kipo. Na kama mtaani kwenu kuna mkrismasi, ule mti uliotoka Madagaska unaowaka maua mekundu mwezi huu huu wa Desemba mpaka ukapewa jina la sikukuu, okota maganda yake makavu marefu. Ukiyatikisa yanalia kama kayamba. Matatu yakifungwa pamoja kwa utepe wa kitenge yanatosha mlango mzima, na watoto watayapigia nyimbo.

Sasa mende. Uji wa ngano ni gundi nzuri na ya siku nyingi, ila wengi tunaupika nusu. Unga umejaa chembe za wanga. Kwenye maji baridi chembe hizo hukaa chini kama mchanga. Maji yakipata joto la nyuzi 60 hadi 70 zinavimba, zinafunguka na kuachia ule utelezi unaonata. Ukiuepua uji mara tu unapoanza kuwa mzito, nusu ya chembe bado zimejifunga: gundi itashika vibaya, kwa hiyo utapaka tabaka nene, tabaka nene litachelewa kukauka, na kilichochelewa kukauka ndicho chenye harufu inayoita wageni wa usiku. Kipimo changu ni kijiko kimoja cha unga kwa vitano vya maji. Koroga kwa maji baridi kwanza mpaka mabonge yaishe, kisha pika kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga, hadi ule weupe wa maziwa ugeuke uwe kama kioo chenye ukungu. Unga wa muhogo unafaa kuliko wa ngano, unatoa gundi angavu isiyoacha madoa. Paka nyembamba, anika juani, na uji uliobaki usiuweke zaidi ya siku mbili.

Mafundi wa kujalidi vitabu wamekuwa wakitia shabu kwenye gundi ya namna hii, ile ile shabu ya kusafishia maji na ya kupaka baada ya kunyoa ndevu. Nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha uji wa moto kinapunguza ukungu na kinawapunguzia wadudu hamu. Shabu huifanya karatasi iwe ya njano baada ya miaka, lakini karatasi ya zawadi haina miaka. Kuna watu hutia mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba. Wewe usithubutu. Ni sumu, na kwenye nyumba yenye watoto watatu kitu chochote kilichokuwa kwenye sufuria ya uji kitalambwa.

Lakini nikuambie ninachofanya mimi mwenyewe: zawadi siipaki gundi kabisa. Mende hawakuja kwa ajili ya gazeti, walikuja kula. Ukiondoa chakula hawana safari. Karatasi ikikunjwa vizuri na kufungwa kwa utepe wa kitambaa haihitaji uji wala selotepu, na mpokeaji anaifungua bila kuirarua. Hilo la kutorarua ndilo jambo lote, na nitalirudia.

Umeuliza kuhusu karatasi za kung'aa. Si maneno ya watu. Nyingi si karatasi tupu: ni karatasi iliyogandishwa utando wa plastiki juu, na ile ya rangi ya fedha au dhahabu mara nyingi ni plastiki yenyewe iliyopakwa tabaka jembamba sana la aluminiamu. Kiwanda cha kurejeleza karatasi kinaloweka karatasi ziwe ujiuji ili kupata nyuzi zake. Utando haulowi, unabaki unaelea na kuziba mitambo, kwa hiyo mzigo wenye karatasi hizo hautakiwi. Ukitaka kujua uliyonayo ni ipi, ifinyange mkononi kama bonge kisha ufungue vidole. Ikibaki imefinyangika, huenda ni karatasi. Ikijinyoosha yenyewe, ina plastiki. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kinakufaa pale dukani kabla hujatoa pesa. Yale mashada marefu ya kumeremeta yanayozungushwa kwenye mti nayo ni plastiki, kwa kawaida PVC, plastiki ya aina ya mabomba ya maji. Kama unayo tayari, usiyatupe kwa hasira ya kupenda mazingira. Yatumie miaka kumi. Ubaya mkubwa kwetu unakuja Januari, tunapofagia uwanja na kuwasha moto. PVC ikiungua inatoa gesi inayochoma macho na koo, pamoja na sumu zinazokaa mwilini muda mrefu, na watoto ndio huwa wamesimama pembeni wanaangalia rangi za moto.

Kuna jingine linalowachanganya wengi, nawe umelitaja: mifuko mbadala. Tangu Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, tumejaza majumba mifuko ile laini ya rangi rangi tukidhani ni kitambaa. Mingi si kitambaa. Ni nyuzi za plastiki zilizobanwa pamoja kwa joto bila kufumwa, na ndiyo maana ukikaribisha mshumaa inajikunja na kuyeyuka badala ya kuungua kama pamba. Kwa hiyo usiikatekate kutengenezea maua. Ukiikata inaanza kuchambuka nyuzi ndogo ndogo, na mfuko ambao ungebeba vitunguu miezi sita mingine unakuwa uchafu wa siku mbili. Iliyo mizima na safi weka zawadi ndani, funga mdomo kwa utepe, mpe mtu. Ataibebea vitunguu.

Na hapa nifike kwenye gunia lako la chupa, ambapo huenda nikakuvunja moyo. Mitandaoni utaona chupa za maji zimekatwa maua, zimepuliziwa rangi ya dhahabu, zimebandikwa vumbi la kumeremeta, na chini wameandika kwamba ni kutunza mazingira. Kwa Dar es Salaam ya leo mimi nahesabu hivi: chupa safi, tupu, isiyo na kitu ina mnunuzi. Kuna vijana na akina mama wanaopita mitaani kwenu kuziokota na kuziuza kwa kilo, na mwisho wa safari zinasagwa kuwa malighafi. Ukishaipaka rangi na gundi hakuna anayeitaka tena. Umechukua kitu kilichokuwa na maisha mengine mbele yake, ukakipa wiki mbili za ukutani kisha jalala. Zaidi ya hapo, umenunua kopo la rangi na gundi, pesa iliyopita bei ya karatasi uliyoikimbia. Zisuuze chupa zako, ondoa vifuniko, mpe anayekusanya. Kama watoto wanalilia chupa angalau mbili, wape, zikatwe bila kupakwa rangi. Usizipinde kwa moto wa jiko wala usiweke mshumaa ndani: plastiki ya chupa za maji inaanza kulegea kwenye joto la nyuzi 70 na kitu hivi, na hapo hata gundi ya moto inayotoka kwenye bunduki ya gundi inaikunja.

Basi nifunge na nini, utauliza. Nina majibu mawili ninayoyapenda, na yote yametoka nyumbani kwetu.

La kwanza ni karatasi ya kaki, ile ya kujalidia madaftari. Shule zinafunguliwa Januari, na kila mzazi anajua hekaheka ya wiki ile. Mtoto akipewa zawadi iliyofungwa kwa kaki Krismasi, Januari karatasi hiyo hiyo ikavaa daftari la Hisabati, umefungia zawadi kwa kitu ambacho ungekinunua hata hivyo. Masharti ni mawili. Usikate vipande vidogo: daftari la kawaida linataka kipande cha kama sentimita 45 kwa 30, kwa hiyo acha karatasi ipite hapo hata kama zawadi ni ndogo, ikunje tu ndani. Na usiweke selotepu, maana ukiibandua inaondoka na ngozi ya karatasi. Kalenda ya ukutani inafanya kazi ile ile. Ile kubwa yenye picha iliyokaa sebuleni mwaka mzima inaisha uhai wake wiki hiyo hiyo unayohitaji karatasi, na ni imara kuliko karatasi yoyote ya zawadi. Upande wa picha ukiwa ndani na mweupe nje, unapata uwanja wa watoto kuchora.

Wachore na nini? Kata kiazi mviringo katikati, chonga nyota kwenye uso wake, futa majimaji kwa kitambaa, chovya kwenye rangi, gonga kama mhuri. Au mwonyeshe huyo wa miaka 11 jambo hili: koroga kijiko cha bizari ya manjano kwenye maji ya uvuguvugu, apake karatasi nyeupe yote, iache ikauke. Kisha ayeyushe magadi kidogo kwenye maji, achovye kijiti cha kiberiti, aandike jina la bibi yake. Maandishi yatatokea mekundu. Bizari hubadilika rangi ikikutana na kitu chenye magadi, na ndiyo maana doa la mchuzi kwenye shati hugeuka jekundu ukilipaka sabuni. Rangi hiyo haipendi jua, itapauka baada ya siku kadhaa, kwa hiyo wafanye tarehe 23 au 24. Na wavae nguo za kuchezea.

Jibu la pili ni khanga, na hili ndilo la mama mkwe.

Tuseme wazi kuhusu ule mkasa. Mama mkwe wako hakuwa na kiburi. Kwa mtu wa rika lake, gazeti lina kazi yake inayojulikana: karanga, maandazi, misumari ya nusu kilo. Ukimfungia zawadi ndani ya gazeti umemwandikia barua kwa lugha ya genge. Hata ungemweleza habari za mazingira kutwa nzima, macho yake yamekwisha kusoma. Kitambaa kinasomeka tofauti. Nani asiyejua zawadi ya harusi au ya uzazi inayokuja imefungwa kwenye khanga? Wajapani nao wana kitambaa cha mraba cha kazi hii, wanakiita furoshiki, na siku hizi watu wanakifundisha kama jambo jipya, wakati bibi zetu walikuwa wanafungia mchele, watoto na siri kwenye khanga kabla sijazaliwa.

Fanya hivi. Nunua doti moja, ikate katikati kama kawaida upate khanga mbili. Moja iwe zawadi, ya pili iwe kifungio chake. Hakuna kitakachotupwa, na hakuna atakayeita doti nzima ubahili. Ila soma jina la khanga kabla ya kulipa! Lipo fumbo la kupendana na lipo la kurushiana mishale, na muuzaji mwenye haraka atakuuzia lolote. "Wema hauozi" halina neno. Lenye wivu, wifi au jirani ndani yake liache hapo hapo dukani.

Kwa zawadi nyingine tumia vipande vyako vya vitenge. Hesabu ni rahisi: kutoka pembe moja ya kitambaa hadi pembe inayoikabili, urefu uwe kama mara tatu ya upande mrefu wa boksi. Boksi la sentimita 25 linataka kitambaa cha mraba cha sentimita 53 hadi 55 kila upande. Weka boksi katikati kwa mshazari, lete pembe mbili juu uzipitishe, kisha funga mbili zilizobaki. Fundo nalo lina siri: kwanza kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Likikaa sawa linalala bapa, halitelezi, na linafunguka kwa kuvuta ncha moja kurudi nyuma. Ukirudia upande ule ule mara mbili utapata fundo lililopinda linalojilegeza lenyewe njiani kwenye daladala. Tepe za kufungia zikate kwa mshazari wa kitambaa, si kufuata uzi. Nyuzi zikikatwa kwa pembe hazifumuki upesi, kwa hiyo huhitaji hata kupinda ncha. Kama vipande havitoshi, mwombe fundi cherehani wa mtaani. Wiki hii ana mzigo wa nguo za sikukuu na chini ya meza yake kuna rundo analotamani liondoke.

Angalizo moja la kitambaa kipya: kuchuja rangi. Lowesha kona, ibane kwenye kitambaa cheupe. Ikiacha alama, ifue peke yake mara mbili tatu hadi maji yatoke meupe, kabla haijagusa blauzi ya mtu ndani ya zawadi. Kuloweka kwenye chumvi na siki, tulivyofundishwa sote, hakufungi rangi hizi za viwandani. Kinachosaidia ni kuitoa ile rangi iliyozidi.

Kama zawadi ni ya kula, visheti, kashata, biskuti, gazeti likae mbali kabisa. Wino wa magazeti una mafuta ya madini, na chakula chenye mafuta kinavinyonya hivyo vitu kama kitenge kinavyonyonya maji. Ndiyo, sote tumekula maandazi yenye habari za michezo upande mmoja. Si sababu ya kuendelea. Tumia jani la mgomba. Lipitishe haraka juu ya moto mpaka ling'ae: nta iliyo juu ya jani inayeyuka, nyuzi zinalegea, na jani lililokuwa likipasuka sasa linakunjika kama kitambaa. Linafaa kwa siku moja, si zaidi. Kwa matunda au mayai, mtafute mtu anayejua kusuka pakacha la makuti mabichi, muda anaotumia ni wa kunywea chai. Mimi nilijifunza utotoni na bado langu linakwenda upande.

Makopo ya maziwa yanafaa kuwa taa za barazani. Jaza maji, acha nafasi ya vidole viwili juu kwa sababu barafu huvimba, gandisha, kisha toboa nyota kwa msumari na nyundo. Barafu inazuia bati lisibonyee. Huna friji, shindilia mchanga uliolowa. Mdomo wa kopo ubanwe kwa koleo hadi makali yalale. Usilipake rangi ya kupuliza kama utaweka mshumaa, na mshumaa ukae juu ya mchanga, mbali na pazia, mbele ya macho ya mtu mzima. Makopo yaliyokuwa ya rangi, ya grisi au ya dawa za mimea hayaingii kwenye kazi hii hata yakioshwa mara saba. Wala mifuko ya saruji: vumbi lake linakwangua ngozi na mapafu ya watoto.

Sasa yale ambayo hayangoji ushauri wangu. Mtoto akikatwa na bati kwa kina, au kwa bati lenye kutu, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya waangalie jeraha na chanjo yake ya pepopunda. Akiungua, maji ya bomba ya kawaida yapite juu kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na unga vibaki jikoni. Na taa ndogo za sikukuu, pamoja na zile kadi zinazoimba, zina betri za duara mfano wa kifungo. Mtoto akiimeza, au ukishuku tu kwamba ameimeza, nenda hospitali saa ile ile, hata kama anacheka. Betri hiyo inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Taa za umeme zenye waya uliochunika mwonyeshe fundi umeme, usizifunge selotepu.

Muda ulionao unatosha, kama utaacha baadhi ya mambo. Kwa nyumba yenye watoto watatu ningechagua vifuu Jumamosi moja, makopo Jumamosi nyingine, na karatasi ya bizari jioni ya tarehe 23. Zawadi zifungwe tarehe 24 watoto wakishalala. Doti ya mama mkwe inunue mapema, ifue ikauke vizuri, na umkabidhi wewe mwenyewe mkononi, fundo likiwa juu. Kalenda iache ukutani mpaka hapo. Bado mnahitaji kuhesabu siku.